Maji ya Kwenye Ndoo ya Grauti

Mpwa wangu,

Nimepata habari kwamba tailizi za bafuni zimeshapanda ukutani na fundi anarudi Jumamosi kujaza jointi, kazi aliyokwambia ni ya nusu siku tu. Hakukudanganya, ni ya nusu siku. Lakini katika ujenzi wote wa bafu hilo, nusu siku hiyo ndiyo ninayotaka uwepo, usimame mlangoni na uangalie jambo moja: maji anayotia kwenye ndoo ya grauti. Rangi uliyochagua na bei ya tailizi zenyewe sina neno navyo. Jointi zinapoanza kumomonyoka kabla ya mwaka kwisha, watu hulaumu pakiti, na mara nyingi pakiti haina kosa. Kosa ni lile kopo la maji lililoongezwa mchanganyiko ulipoanza kuwa mzito mkononi.

Grauti ya kawaida ni simenti, unga laini wa mawe, rangi, na dawa kidogo za kuisaidia inate na isipoteze maji haraka. Simenti haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kuyala maji. Na haili mengi: maji yanayofungamana nayo moja kwa moja ni karibu robo ya uzito wake. Mengine tunayatia ili kazi iwe laini, na hayo hayana budi kutoka baadaye. Yakitoka huacha vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na jointi yenyewe hunywea ikapasuka nyufa nyembamba. Mwaka 1918 Duff Abrams, mtafiti wa zege huko Chicago, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji yanavyozidi kulingana na simenti, ndivyo nguvu ya zege inavyopungua, na wahandisi wanaifuata kanuni hiyo hadi leo. Utasema yeye alishughulika na zege la majengo makubwa. Simenti haibadilishi tabia kwa kuwekwa katika nafasi ya milimita mbili, na bafuni hasara inazidi, maana vitundu hivyo ndiyo njia ya maji ya sabuni kuingia. Mabaki ya sabuni na mafuta ya mwili huuotesha ukungu, na ukungu uliokwisha kuzama ndani ya jointi hautoki kwa brashi. Jointi iliyoleweshwa maji utaijua mapema: wiki mbili baada ya kazi, ikiwa kavu, pitisha kidole juu yake. Kidole kitarudi na unga.

Fundi atakuwa na hoja yake, tena si hoja ya kipuuzi. Atakwambia tailizi za ukutani zina kiu. Ni kweli. Tailizi za kauri za ukutani, tofauti na zile ngumu za sakafuni, mwili wake una matundu mengi. Kwa vipimo vya kimataifa kundi hilo hunyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Mng'ao wa mbele haupitishi maji, lakini kingo zake ni udongo mtupu uliochomwa, na kingo hizo ndizo zinazokutana na grauti. Zikiyanyonya maji kabla simenti haijayatumia, jointi inabaki unga vilevile. Kwa hiyo fundi ameuona ugonjwa sawasawa, ila dawa anaitia mahali pasipo pake. Kiu ya tailizi itulizwe kwenye tailizi: apitishe sponji lililokamuliwa vizuri juu ya jointi kabla ya kujaza, ziwe na unyevu bila maji kusimama ndani. Joto la Dar es Salaam likiwa kali, alowanishe kipande kidogo, akijaze, kisha aende kingine. Na kesho yake wewe mwenyewe unaweza kuzinyunyizia jointi ukungu mwembamba wa maji kwa chupa ya kupulizia. Maji yanayokuja baada ya simenti kushika yanailisha. Yaliyozidi ndani ya ndoo yanaidhoofisha.

Hoja yake ya pili ni kwamba grauti nzito haifiki ndani. Haifiki ikiwa anaipaka kwa kidole au kwa kitambaa, kama wanavyofanya wengi wanaolipwa kwa mita na wanaowahi kazi nyingine. Mwiko wa mpira ukishikwa kwa kulala kidogo na kusukumwa mshazari wa jointi, hukandamiza grauti hadi chini na wala hauchimbi iliyokwisha kuingia. Uzito unaofaa ni wa dawa ya meno: akiinamisha mwiko, iendelee kung'ang'ania. Atie maji kwanza kwa kipimo cha pakiti, unga ufuate, akoroge, aiache dakika 5 hadi 10, akoroge tena. Hapo itaonekana imelainika bila tone la nyongeza, na wengi wasiokuwa na subira ya dakika hizo ndio wanaokimbilia bomba. Ikianza kuganda ndani ya ndoo, imwagwe. Najua utaihurumia pesa yako, lakini itakuwa bei ya pakiti moja, na kukwangua jointi za ukuta mzima ni kazi ya siku kadhaa ya mtu mwenye mkono mwepesi, la sivyo anazivunja tailizi kingo.

Kuna mlango mwingine wa nyuma ambao maji hupitia, nao ni sponji. Ndoo imechanganywa vizuri, jointi zimejazwa, kisha fundi anafuta na sponji linalochuruzika: rangi inasombwa, simenti ya juu inaondoka, na ikikauka unaona mabaka meupe hapa, meusi pale. Asubiri jointi ishike, isiache alama ya kidole. Kwa kawaida ni dakika 15 hadi 30, na kwenye joto zinapungua. Kisha afute mshazari kwa sponji lenye unyevu tu, maji ya kusuuzia yakibadilishwa mara kwa mara. Vumbi jeupe litakalobaki juu ya tailizi linatoka kwa kitambaa kikavu. Na maji yote, ya kuchanganyia na ya kufutia, yawe baridi ya kunywa. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hujitokeza juu ya jointi.

Kuhusu simenti nyeupe ya kawaida badala ya grauti, sikatai kwamba ni nafuu, na kwenye jointi nyembamba ukutani, ikichanganywa nzito, inaweza kudumu kiasi. Ila haina zile dawa za kuzuia maji yasikimbie, kwa hiyo kosa dogo la maji linaonekana mara mbili. Anayeitumia inabidi awe makini kuliko anayetumia pakiti, na fundi anayekimbilia rahisi mara chache ndiye huyo makini.

Usidhani pia kwamba jointi nzuri itauzuia ukuta usilowe. Hata iliyojazwa vyema hupitisha unyevu kidogo, na kinga halisi ni ile dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu ya lipu kabla ya tailizi. Kama haikupakwa pale chini ya bomba la mvua, useme sasa kabla ya Jumamosi.

Pembe, yaani ukuta unapokutana na ukuta au na sakafu, ziachwe tupu. Pande hizo huchezacheza, kila moja kivyake, na grauti itapasuka hapo hata ingechanganywa na malaika. Zitajazwa silikoni jointi nyingine zikishakauka kabisa. Msichana wa kazi mwambie zile dawa za choo zenye asidi zisiguse ukuta, kwani asidi huila simenti. Sabuni ya kawaida na brashi laini vinatosha. Bafu lisitumike siku tatu. Watoto waogee choo cha uani, na kama wataona tabu, waje huku kwa shangazi yao.

Mjomba wako