Ubavuni mwa Usambara

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ndani ya kilomita hizo unapanda karibu mita 1,000. Mombo kuna joto, vumbi na mkonge. Ukifika Soni, maporomoko ya maji yanavuma chini ya barabara na shati lililolowa jasho linaanza kukupa baridi. Lushoto mwezi wa Julai watu wanatembea na makoti, na ukungu waweza kukaa bondeni mpaka jua limepanda sana. Abiria wa basi anapewa mabadiliko haya yote kwa muda mfupi akiwa ameegemea kiti. Mwendesha baiskeli anayalipia mita kwa mita, na kwa sababu hiyo hayasahau.

Napenda baiskeli ya milimani, na katika nchi hii sijaona mahali panapoifaa kuliko Usambara ya Magharibi. Siku moja ya kukanyaga pedeli inaweza kukupitisha katika msitu wa asili wa Magamba, ambako maji yanadondoka kutoka matawini hata siku isiyo na mvua. Kisha mashamba ya misonobari ya Shume, ambako gurudumu halitoi sauti juu ya majani makavu yaliyotandazika chini. Kisha mabonde ya kabichi, karoti na viazi yanayomwagiliwa kwa mifereji. Ukiwa na nguvu za kuendelea hadi Mtae, mlima unakatika ghafla, na chini yako inatanda nyika ya Mkomazi, huku Milima ya Upare ikiwa imesimama ng'ambo.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita, Kenya, na kushuka hadi Udzungwa. Upepo wa Bahari ya Hindi umeiletea unyevu kwa mamilioni ya miaka, hivyo misitu yake ilidumu hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Ndiyo maana inahifadhi viumbe wasiopatikana kwingine. Lile ua dogo la zambarau linalopandwa kwenye vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani lina asili yake huku. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala Mjerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892, nao wataalamu wakaliita Saintpaulia kutokana na jina lake. Porini huota kivulini, kwenye miamba yenye unyevu. Miti iliyo juu yake ikikatwa, nalo limekwisha.

Lakini kilichonishika Usambara mpaka leo ni njia zenyewe.

Hakuna aliyezichonga kwa ajili ya baiskeli. Ni njia za watu wenye shughuli: mama anayepeleka tenga la mapichi gulioni, watoto wa shule, mtu aliyejitwika majani ya ng'ombe wa zizini, kijana anayeteremsha mbao begani. Nyingine ni za zamani kuliko barabara yoyote, tangu zama ambazo Vuga ilikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi na habari zilisafiri kwa miguu kutoka kilima hadi kilima. Na karibu zote zina tabia moja: haziukabili mlima uso kwa uso. Zinaushika ubavuni, zinakwenda mshazari, zinakunja kona, zinarudi upande ule ule zilikotoka zikiwa juu kidogo, kisha zinakunja tena. Mgeni akizitazama kutoka bondeni hudhani waliozianzisha walikuwa na muda wa kupoteza. Muda hawakuwa nao. Walikuwa na mizigo.

Baiskeli hukufundisha jambo hili haraka kuliko miguu, kwa sababu yenyewe haikuvumilii. Kwenye mwinuko mkali ukiielekeza juu moja kwa moja, ama gurudumu la mbele linanyanyuka, ama la nyuma linateleza kwenye udongo mwekundu, na kuanzia hapo unaikokota. Ukiushika mlima kwa mshazari, ukaweka gia nyepesi, ukasogea mbele kidogo kwenye kiti na kuinamisha kifua kuelekea usukani, pumzi inapata mpangilio na pedeli zinazunguka bila ugomvi. Unakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Pengine anayetembea anakupita, na akikupita anakupa pole, nawe unaipokea kwa sababu unaihitaji.

Kijana wa Lushoto aliyekuwa akiniongoza alikuwa na desturi ya kuzungumza muda wote tunapopanda. Aliuliza habari za nyumbani, bei ya mchele Dar es Salaam, watoto wanasoma wapi. Nilidhani ni uchangamfu wake tu, mpaka siku nilipomuuliza mbona hachoki kuongea. "Kaka, ukiweza kunijibu, hujazidisha," aliniambia. "Ukinyamaza, mimi napunguza." Kumbe alikuwa ananipima pumzi. Hakuwahi kuniambia nipunguze mwendo. Alipunguza wa kwake, nami nikafuata.

Usambara imewaona pia watu waliotaka kwenda moja kwa moja. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya waya kutoka nyanda za Shume hadi Mkumbara, ili magogo yateremshwe mpaka kwenye reli inayotoka Tanga. Ilikuwa kazi ya uhandisi ya kustaajabisha. Waya ulivuka magenge ambayo hakuna mnyama wa mizigo angeyateremka. Ila kilichokuwa kikishuka kwa waya ule ni msitu, miti iliyochukua mamia ya miaka kukua, na kasi ya kuiteremsha haikuwa na uhusiano wowote na kasi ya kuiotesha.

Wakaja Waingereza na matuta. Waliona mmomonyoko wa udongo, nao ulikuwepo kweli. Kuanzia miaka ya 1940, wakianzia bonde la Mlalo, waliamuru wakulima walime matuta mashambani mwao, na asiyetii aliadhibiwa. Watu walikataa. Kazi ilikuwa nzito, faida yake haikuonekana chunguni, na amri ilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kushika jembe kwenye mteremko ule. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umeachwa. Sidhani kama kuna haki kuwaita wale wakulima wabishi. Wao ndio walioishi na ule udongo kila siku. Ilipofika miaka ya 1980 na likaja wazo la kupanda mistari ya majani ya mifugo kwa kuufuata ubavu wa kilima, wengi walilipokea, maana majani yanashika udongo na jioni ng'ombe anakula. Ukipita leo kwa baiskeli unaiona mistari ile ya mabingobingo ikizunguka vilima, na mara nyingi njia yako inaambaa nayo.

Mawazo haya yalikuwa kichwani mwangu katika kipindi ambacho mambo ya nyumbani kwetu hayakuwa shwari. Baba alipofariki alituacha na shamba, na kaka yangu mkubwa alikuwa na yake moyoni kuhusu shamba lile. Kila aliyeombwa ushauri alishauri njia iliyonyooka: itisheni kikao, semeni wazi, asiposikia nendeni baraza la ardhi. Ni ushauri wa watu wenye akili, na kuna familia ambazo kwao hauna mbadala. Shangazi alikataa. Alisema kwanza twende tukamsalimu kaka. Tukaenda, tukala, tukaondoka, shamba halikutajwa. Msimu wa mavuno akatutuma tumpelekee mahindi kutoka shamba lile lile, bila neno. Baadaye shangazi akamwendea peke yake, akamwuliza juu ya deni ambalo baba alimwachia na ambalo sisi wadogo hatukulijua. Hapo ndipo palipokuwa na mzizi. Kikao tulikifanya mwishoni kabisa, na kilipofanyika kilikuwa kifupi, kwa sababu kila kizito kilikuwa kimekwisha kubebwa hadi pale.

Najua kuzunguka kunaweza kuwa kisingizio. Wapo wanaozunguka jambo miaka nenda rudi ili wasilifikie kamwe, na wengine huuita woga wao busara. Njia za Usambara zina kipimo kizuri kwa hilo. Zinakunja na kukunja, lakini kila kona iko juu kuliko iliyotangulia. Ukisimama kwenye kona ya nne ukatazama chini, unaiona ya tatu, na ya pili chini yake. Mzunguko wa shangazi ulikuwa wa namna hiyo. Kila safari tuliyomwendea kaka, tulirudi tukiwa tunajua jambo ambalo safari iliyopita hatukulijua. Kuzunguka kusikoongeza kimo, mtu aache, atafute njia nyingine hata kama ni kali.

Kushuka ndiko kunakoonyesha kama mtu ameyaelewa haya. Karibu kila mwendesha baiskeli husema anapanda ili apate kushuka, na raha ya kushuka kutoka msitu wa Magamba nisingeikana: hewa baridi usoni, mizizi ikipita chini ya magurudumu, mbega wakiruka juu ya kichwa na mikia yao mirefu yenye ncha nyeupe. Unasimama juu ya pedeli zikiwa sawasawa, unarudisha kiuno nyuma, kidole kimoja au viwili viko kwenye breki. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona. Ndani ya kona breki inaachiwa, na macho yako pale unapotokea.

Anayechelewa kupunguza hufunga breki ya nyuma ghafla, gurudumu linagoma kuzunguka, linaburuzika na kuchora mfereji. Ni mfereji mdogo, wa kina cha kidole. Lakini masika yanapokuja, maji yakishapata mlango hayaendi kutafuta mwingine. Yanaingia humo, yanakula udongo, na mwaka unaofuata mama mwenye tenga kichwani anakuta mtaro mahali alipozoea kukanyaga bila kutazama. Yeye hawezi kutazama chini; mzigo haumruhusu. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote ya mchezo huu. Mtu aliyekuja kustarehe kwa siku mbili anaweza kuharibu kwa sekunde mbili njia iliyokanyagwa na vizazi, kisha akaondoka bila kujua. Na si wenye baiskeli peke yao. Siku hizi bodaboda nazo zinakata kona, zinachonga vijia vinavyoporomoka moja kwa moja kutoka kona ya juu hadi ya chini, na kila kijia cha namna hiyo mvua inakigeuza korongo.

Kwa hiyo mimi nashikilia kanuni moja huko, na sioni sababu ya kuilegeza: mwenye mzigo hapishi. Anayepisha ni mwenye magurudumu, awe anapanda au anashuka, na anapisha kwa kusimama upande wa bondeni mguu ukiwa chini, si kwa kuchepuka juu ya mahindi ya watu. Unasalimia kwanza. Wazee unawapa shikamoo, na watoto watakupa wewe. Salamu hizi zinakata mwendo kweli kweli. Siku ya gulio usitarajie kufika popote mapema. Lakini ndizo zinazokufanya uwe mtu njiani. Nimeona waendeshaji wakipita kimya, kofia ngumu na miwani myeusi, na nikaona jinsi watu wanavyojibanza ukingoni kwa hofu. Mzee mmoja karibu na Shume, tulipomaliza kusalimiana, alitutahadharisha kwamba daraja la miti lililoko mbele limeoza upande wa kulia. Wale waliopita kimya hakuwaambia, kwa kuwa hawakusimama.

Ndani ya Magamba mambo yana utaratibu zaidi. Ni hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 9,000, na ndani yake zimo barabara za zamani za magari ya magogo ambazo leo zimejifunga majani na kubaki upana wa mtu mmoja. Zinafaa sana kwa baiskeli kwa kuwa mteremko wake ni wa wastani. Gari lililosheheni magogo nalo lilihitaji kuzunguka. Lipia kiingilio, chukua mwongozaji, kaa ndani ya njia. Usidhani mwongozaji ni wa kukuonyesha uelekeo tu, kwa maana simu inaweza kukuonyesha uelekeo. Yeye anajua bonde lipi limenyeshewa jana, ni mti gani ulioanguka, ni familia gani ina msiba na njia ipitayo mbele ya nyumba yao leo isipitwe kwa vifijo.

Ukipanga kwenda, nenda kati ya Juni na Septemba, udongo ukiwa umekauka. Wakati wa masika ule mwekundu unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki, na kila unapopita unaiumiza njia. Beba koti hata kama Mombo umeacha watu wakijipepea. Na siku ya kuondoka, tyubu zako za akiba, pampu na pedi za breki ambazo hukuzitumia mwachie kijana aliyekuongoza. Vipuri vya baiskeli za foniksi atavipata kwa fundi yeyote mjini, lakini pedi za breki za diski mara nyingi anazisubiri zitoke Arusha au Dar es Salaam, na siku anazozisubiri hana kazi.