Programu yangu ilisema NDIYO

Najua blogu imelala. Sijaacha kuandika programu, ila kuna moja iliyonifunga mdomo, na leo nimeamua kuieleza.

Ilianza na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa anaishi Boston. Kila Januari hunilalamikia jambo lilelile: watabiri wanajua dhoruba inakuja, hata saa wanaijua, lakini wanabishana kama itashuka mvua au theluji. Nilimcheka mpaka nikasoma. Kumbe theluji ikipita kwenye tabaka nene la hewa yenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, inayeyuka na kufika chini ikiwa mvua. Tabaka hilo lisipokuwepo, inafika ikiwa theluji. Nyuzi mbili hivi ndizo zinazoamua kama asubuhi atabeba mwavuli au sepetu.

Kwetu Kambu, hapo kwenye barabara ya Mombasa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, theluji tunaiona kwenye kalenda. Lakini hata sisi mvua yetu kubwa huanza ikiwa barafu huko juu! Wingu refu la Novemba hupanda kupita kama mita 5,000, ambako maji huganda. Ndiyo maana Kilimanjaro, wenye mita 5,895, una theluji huku sisi tukitokwa jasho. Ikishuka inayeyuka, hapo hakuna ubishi. Ubishi wetu ni kama tone litafika chini. Mara nyingi jioni nimeona pazia la kijivu likining'inia upande wa Chyulu, hewa kavu ikilinywa kabla halijagusa ardhi. Watoto wanashangilia, wazee hata hawainui macho.

Basi mtu wa kompyuta nikasema hili nitalimaliza mimi. Septemba 2024 nikapakua data ya mvua iitwayo CHIRPS, ambayo ni ya bure na inaanzia mwaka 1981. Nikaongeza joto la bahari, kwa sababu Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli huongezeka. Ndivyo ilivyokuwa 2019, na tena 2023 pamoja na El Niño. Na 1997 pia, mwaka niliozaliwa (mama husema nilikuja na mafuriko). Programu ikawa inatoa uwezekano wa mvua kuanza kabla ya Oktoba kwisha. Mwishoni nikaandika mstari mmoja mfupi: ukizidi 0.5, tuma ujumbe NDIYO. Ukipungua, tuma HAPANA.

Mwaitu, yaani mama, hupanda kavu. Ukambani vuli ndiyo mvua tunayoitegemea zaidi, tunaiita nthwa, kama kumbikumbi wanaoruka nayo, na ni fupi. Ukingoja ardhi ilowe ndipo utafute jembe, umechelewa. Akanipigia simu. "Mwanangu, hiyo kompyuta yako inasemaje?"

Nikamwambia inasema ndiyo. Namba ya ndani ilikuwa 0.58. Sikumtajia. Wala sikumkumbusha kwamba watabiri wa kanda, ICPAC, walikuwa wametangaza kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki huenda ikapata mvua chini ya wastani. Nilijiona nina pikseli yangu.

Akapanda ndengu na mahindi ekari zote tatu, mbegu yote. Na mvua ikanyesha! Usiku mbili mfululizo. Nilijisifu ofisini, niseme ukweli. Mbegu zikaota, kisha likawaka jua siku kumi na nane. Mimea ilikauka ikiwa na majani mawili.

Aliponipigia tena hakunilaumu. Alisema tu, "Mvua ilikuja kama ulivyosema." Ningependa angenigombeza. Jirani yake alikuwa amepanda nusu na kuacha nusu kwenye debe, bila kompyuta yoyote.

Nilirudi kwenye kodi nikitafuta hitilafu. Hesabu ilikuwa sawa. Kwanza niliilaumu data: CHIRPS huunganisha vipimo vya vituo na picha za setilaiti, na setilaiti inapima ubaridi wa vilele vya mawingu. Inaona barafu ya juu, ile pazia la Chyulu linalokauka njiani hailioni. Tena pikseli moja ina upana wa kilomita tano na zaidi, na soko la Kambu linaweza kulowa shamba letu likabaki vumbi.

Lakini data haikumaliza mbegu za mama. Niliuliza kama mvua itakuja, kumbe mkulima anauliza kama itakuja na kubaki. Wataalamu wana kipimo cha mwanzo wa msimu, kama milimita 20 ndani ya siku tatu bila ukavu mrefu katika wiki zinazofuata, na mimi niliichukua nusu ya kwanza tu. Halafu ule mstari wa 0.5. Nikisema HAPANA na mvua ikaja, mama anapoteza siku chache. Nikisema NDIYO na jua likawaka, anapoteza mbegu yote. Makosa hayo mawili hayana bei moja, na mimi niliyapa bei moja. Somo hilo chuoni nilipata A, tafadhali msicheke.

Mstari nimeufuta. Vuli ya 2025 ujumbe ulisomeka hivi: "Katika miaka 10 inayofanana na huu, mvua ilianza ikaendelea mara 3." Mama aliusoma, akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema atapanda ekari moja tu, na iwe ndengu.

Nilimpelekea pia kipima mvua, nikakifunga kwenye mti mbali na paa. Kila saa tatu asubuhi anakisoma na kunitumia namba. Asubuhi moja Novemba setilaiti ilisema milimita 19, yeye akaandika 4. Nikamuuliza kama ana uhakika.

"Njoo uone mwenyewe," akasema. "Vumbi linakungoja."