Sababu ya Kushika Chaki

Vijana wapendwa, mara nyingi mnaniuliza sababu ya mhandisi kuacha kazi ya kubuni vifaa na kushika chaki. Niruhusuni nieleze kwanza kifaa chenyewe.

Mikrokontrola ni kompyuta nzima iliyokusanywa ndani ya chipu moja. Ile ya 8051, iliyotolewa na Intel mwaka 1980, ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu ya muda. Aya hii isingeenea humo. Hata hivyo ilitosha kuendesha mashine, kwa kuwa chipu za namna hii hupewa kazi moja, nazo huirudia usiku na mchana.

Mimi nilibuni vidhibiti vya umeme wa jua. Betri ya risasi ya volti 12 ikinyonywa kupita kiasi hufa mapema. Basi chipu huipima bila kuchoka na kukata umeme kabla ya madhara. Chipu ya volti 5 haivumilii volti 12. Resista mbili huzigawa kwanza, kisha ATmega328 huzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Ni kanuni ile ile ya Ohm inayowachosha darasani. Ndani ya chipu mna pia saa iitwayo mbwa mlinzi: programu isipoigusa kwa wakati, saa hiyo huchukulia kwamba programu imekwama, na huianzisha chipu upya. Mkunga aliye zamu usiku hatajua kamwe kilichotokea.

Lakini siku moja nilifika katika kituo cha afya ambako akina mama walikuwa wakijifungua kwa mwanga wa simu kwa wiki 3 nzima, kidhibiti kipya kikisubiriwa kutoka ng'ambo. Nilikifungua kile cha zamani. Resista moja ilikuwa imeungua. Hapakuwa na mtu karibu aliyewahi kufundishwa kufungua kifuniko kile, na hilo liliniuma kuliko giza lenyewe. (Tena njia za umeme katika bodi hizo ni za shaba, nasi wa Katanga tumekaa juu ya shaba!)

Sasa nina wanafunzi 11 na bodi 4. Wanaosubiri zamu huandika programu zao kwa kalamu, kisha huzifuata mstari kwa mstari wakitafuta kosa. Nimeona kwamba hao hukosea mara chache kuliko wenye bodi mkononi, nami sijaharakisha kununua ya tano.