Barua kutoka Ughaibuni: Filamu Imechosha, Part 2 Imenunuliwa

Filamu ya vichekesho vya mapenzi ina madeni mawili kwa mtazamaji: imchekeshe, na imfanye awaombee wale wawili wapatane. Ikishindwa yote mawili, hakuna jumba la Mbezi wala gari la kukodi litakaloiokoa.

Huku Marekani, maoni ya aliyeudhika hukusanywa mlangoni. Kampuni ya CinemaScore ya Las Vegas, iliyoanzishwa na Ed Mintz mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya kuchoshwa na filamu moja ya vichekesho, hutuma watu kwenye majumba ya sinema usiku wa kwanza. Mtazamaji hupewa kadi ndogo yenye vikato pembeni. Kalamu haihitajiki, anakunja kikato cha alama anayotaka, A hadi F, anairudisha kadi, anakwenda zake.

Mfano unaotajwa hadi leo ni Gigli, iliyotoka Agosti 1, 2003. Ilikuwa na Ben Affleck na Jennifer Lopez, wachumba wa kweli wakati huo, na iligharimu takriban dola milioni 75. Hadithi ya mhuni aliyemteka mdogo wa mwendesha mashtaka haikuchekesha, na wengi walilalamika kwamba wachumba hao walionekana kama hawajuani. Kadi zikasema D-, alama ya nadra, maana anayewahi usiku wa kwanza huwa ameipenda filamu kabla hajaiona. Wiki ya tatu filamu ilikuwa imebaki kwenye majumba 73 kati ya 2,215 ya mwanzo. Adhabu hiyo ina ukatili wake: mwongozaji Martin Brest, aliyekuwa ametengeneza Beverly Hills Cop, hajaongoza filamu nyingine tangu hapo.

Dodoma nako maoni hayakosekani. Tatizo ni yanakoishia. Mtu wa Chang'ombe akipewa mlenda usio na chumvi husema tonge la kwanza tu. Filamu ikikosa chumvi, huimaliza, halafu hukaa kijiweni kulalamika kwamba dakika mbili nzima zimeliwa na gari linalopaki, muziki umemeza maneno, na Kiingereza cha chini ya picha kinatia aibu. Enzi za DVD, kesho yake alikuwa sokoni Majengo kuulizia Part 2 ya filamu hiyo hiyo! Siku hizi hadithi imehamia YouTube, vipande vimezidi, naye anabofya vyote huku akitukana. Huku maoni yanahesabiwa. Huko kinachohesabiwa ni pesa na kubofya, matusi hayaingii kwenye hesabu.

Baya zaidi, lawama humwangukia mwigizaji wa kike: nguo yake, rangi yake, ndoa yake. Huo ni umbea, wala mwandishi wa hadithi iliyoharibika haumgusi.

Aliyechoshwa na sehemu ya kwanza asilipie wala kubofya ya pili. Ataje kosa lilipo: hadithi, sauti au uigizaji. Aandike chini ya video yenyewe, kwa lugha ya heshima, mahali mtayarishaji anaposoma. Akiona nzuri ailipie, kwani anayetazama nakala ya wizi hana cha kudai (na wanaughaibuni wanaoomba kutumiwa filamu bure kwa WhatsApp wamo humo humo).

Wana Dodoma wanaombwa jambo moja kwa filamu inayofuata: ikiboa, waizime.