Barabara Iliyotufunza Kiswahili

Tulizaliwa Uganda, kando ya barabara itokayo Mombasa kwenda Kampala kupitia Malaba. Utotoni tuliwauzia madereva wa malori ndizi za kuchoma, na kwao ndiko tulikoanza kujifunza Kiswahili. Siku moja tulitamka 'barabara' tukaweka mkazo kwenye silabi ya pili. Dereva mmoja akacheka: tulikuwa tumesema 'sawasawa'. Maana ya njia hutaka mkazo kwenye silabi ya tatu, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili.

Barabara hiyo hiyo ilimchukua kaka yetu. Alipanda lori, akatupungia mkono, na hadi leo hajarudi. Mama, enzi za uhai wake, aliketi kila jioni akiitazama.

Ndiyo maana tusomapo Kusadikika ya Shaaban Robert, tunawahurumia wajumbe wale. Waliondoka kutafuta mema ya nchi yao, waliporejea, walifungwa. Katika fasihi, njia hubeba matumaini pamoja na gharama yake.

Basi, mwalimu mtarajiwa, ufundishapo neno hili, anza na mkazo; kisha waulize wanafunzi wako: barabara ya kwenu imemleta nani, na imemchukua nani?