Kifua Changu na Kidonge

Ninabeba mizigo bandarini Kalemie. Boti za Moba zikifika na magunia ya ndagala, wenzangu wote wanavua shati, maana jua la ziwa halina huruma. Kwa muda mrefu mimi nilibeba nikiwa na fulana mbili.

Kilianza upande wa kushoto, kivimbe nyuma ya chuchu, kinauma gunia likikigusa. Kisha na wa kulia. Vijana wakaniita "mama" na kucheka. Jirani mmoja alisema nimerogwa. Mwingine, anayejua kwamba ninameza dawa za virusi vya ukimwi, alinong'ona: "Yaya, acha hizo dawa." Huyu wa pili alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, na ndiye aliyekuwa hatari zaidi.

Siku ya kuchukua dawa, muuguzi akaniambia: "Papa, vua shati." Nikajibu nasikia baridi. Baridi, Kalemie, mwezi wa kumi! Akangoja tu mpaka nikavua.

Alipapasa chini ya chuchu, kwapani, hata kende. Akauliza kama chuchu inatoa damu au imezama ndani, kama kuna mahali pagumu pasiposogea. Alitafuta saratani, kwani katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, takribani 1 ni mwanaume. Akauliza pia kuhusu pombe, ini, na vidonge vingine: simetidini ya vidonda vya tumbo na spironolaktoni ya moyo nazo huweza kumkuza mwanaume matiti. Kila mwanaume ana homoni ya kike kidogo; mizani ikiinama upande huo, nyama ya titi inakua.

Kwangu kilichoiinamisha ni efavirenzi, iliyokuwa ndani ya kidonge changu. "Usiache hata siku moja," alisema. "Tutakibadilisha." Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe ndani ya dawa za kwanza kwa watu wazima, nayo ilikuwa imefika kwetu. Maumivu yalitangulia kuondoka, uvimbe ukafuata polepole, miezi kwa miezi. Upande wa kulia umekwisha kabisa. Wa kushoto umebaki kidogo tu. Virusi bado havionekani katika kipimo.

Niliwahi. Nyama ikikaa zaidi ya mwaka huwa inakomaa, na hapo kubadilisha dawa au kumeza tamoksifeni husaidia kidogo. Linabaki la upasuaji, daktari akikata pembeni mwa duara jeusi la chuchu na kuitoa nyama hiyo.

Mwanangu ana miaka 14, naye kivimbe kimemtokea. Muuguzi yuleyule amempima: ni balehe, na kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya miaka miwili. Simnunulii kidonge chochote. Nimemkataza tu kujifunga kitambaa kifuani anapokwenda shule.