Silinda ya Nne

Asubuhi za Ngara mjini zina baridi ya mlimani, na gari langu, mkonga, halipatani nayo. Nazungusha ufunguo, injini inakohoa, moshi mweupe unatanda ua mzima mpaka kuku wanahama.

Ni Land Cruiser ya mwaka 1987, injini ya 2H, silinda sita, cc 3,980, haina taabo. Niliipata mnadani, mashirika ya misaada yalipokuwa yakifungasha baada ya kambi za wakimbizi wa Rwanda kufungwa Desemba 1996. Mlango wa kushoto bado una kivuli cha herufi zilizobanduliwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, kambi ya Benaco ikageuka jiji la turubai, na magari ya aina hii yakawa hayalali. Kwa hiyo lilipofika kwangu lilikuwa limeshachoka mara moja.

Mwaka jana likaanza kuniumbua. Nimeacha barabara ya Rusumo, napanda kwenda mjini na magunia ya maharage, gia ya pili ikanishinda, nikarudi ya kwanza. Bodaboda iliyobeba mama na mkungu wa ndizi ikanipita. Yule mama akageuka, akanitazama kwa huruma. Huruma ndiyo iliyoniuma.

Kijiweni ushauri haulipiwi. Mmoja akasema ng'oa hiyo, weka 1HZ. Mwingine akasema weka 1KZ ya Prado iliyokatwa, ina taabo, hewa nyepesi ya huku juu haitaisumbua. Nikachukua daftari, nikaanza kuandika. 1HZ ni cc 4,164, pampu yake haina kompyuta, fundi yeyote wa lori anaielewa. Lakini inataka vishikizo vyake, kava lake la kuunganisha na giaboksi, pengine na rejeta nyingine, halafu twende TRA namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi. 1KZ ni cc 2,982, ina kompyuta na msitu wa nyaya, na silinda hedi yake inasifika kwa kupasuka ikichemka. Ikinizimikia Rulenge saa mbili usiku, nani ataisomea kompyuta? Nikaizungushia 1HZ duara. Hesabu ilidai ng'ombe wawili na akiba ya mke wangu, ambaye hata hakuwa ameulizwa.

Nilipokuwa nikipiga hesabu ile nilijikumbuka mimi mwenyewe. Niliwahi kuacha ualimu nikaingia biashara ya mazao. Nilibadilisha injini, giaboksi nikaacha ile ile. Mwisho wa mwezi nilikuwa nangoja, sijui nangoja nini, kama vile kuna mtu angenilipa. Madeni ya wateja niliyaandika vizuri mno, kwa kalamu nyekundu, nikayapigia mstari, nisiende kuyadai. Miaka miwili nikilaumu soko la Nyakanazi. Soko halikuwa na kosa. Lile gunia la mahindi lilikuwa linauzwa na mwalimu anayesahihisha madaftari.

Hata hivyo nikaenda Nyakanazi. Pale njia za Kahama, Kigoma na Rusumo zinapokutana, lori haliwezi kukosa fundi. Wangu alikuwa kijana, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kubadilisha injini."

"Umeipima?"

Nikamwambia nimeiendesha zaidi ya miaka ishirini.

"Hiyo ni kuizoea, Mwalimu. Kupima ni kitu kingine."

Akafungua hita plagi zote sita, akafunga geji ya kupima mgandamizo, akaniambia nipige stata. Silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, mshale ukapanda karibu sawa. Ya nne ukasimama chini kabisa. Ya tano na ya sita, juu. Akadondoshea oili kidogo kwenye ile ya nne, tukapiga tena. Mshale haukusogea.

"Ingekuwa ringi, ungepanda. Hii ni vali."

Jioni hedi ilikuwa juu ya benchi. Akanionyesha vali yenyewe: ukingo umeliwa upande mmoja, kama andazi lililotembelewa na panya. Kitu cha kuingia kiganjani. Nilikaribia kuuza ng'ombe kwa ajili yake.

Hakunidanganya kwamba gari litakuwa jipya. Alibadilisha ile vali, akasaga nyingine zote, akaweka gasketi mpya, akasema injini ya umri huu mlimani itabaki kuomba radhi. Kisha akachana karatasi kwenye daftari langu bila kuangalia imeandikwa nini, akaifungia ile vali mbovu, akanipa. Nilipoikunjua nyumbani, ndani yake kulikuwa na duara langu la 1HZ, limelowa oili.

Asubuhi iliyofuata injini iliwaka mara moja. Kwenye mlima nilipanda kwa gia ya pili mpaka juu. Bodaboda ilinipita tena.